Nani Anaisikiliza Ardhi ya Mpanda?

Siku ile nilikuwa nachambua mchele. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 5 Desemba 2005, saa tisa na robo alasiri hivi, pale kwetu Makanyagio, Mpanda. Nina miaka kumi na miwili, ungo umelala mapajani, bibi amekaa mkekani anasuka ukili. Mara punje za mchele zikaanza kucheza zenyewe ndani ya ungo. Nikadhani ni mikono yangu. Kumbe na mkeka unatembea, sufuria zinagongana jikoni, na kuku wameruka wote kwa pamoja kama walioitwa. Bibi hakupiga kelele. Alinishika mkono, akanitoa uani mbali na ukuta, akasema neno moja tu: "Limerudi."

Usiku redio ikasema tetemeko lilikuwa la kipimo cha 6.8, kitovu chake ni Ziwa Tanganyika, na kwamba ng'ambo, kule Kalemie, nyumba zimeanguka na watu wamekufa. Kesho yake mtu mzima mmoja wa mtaani, msomi kwa viwango vyetu, akatutuliza: "Lile lilikuwa la Wakongo. Sisi tumepata mwangwi tu." Tukaridhika. Hata tetemeko lina uraia, bwana! Lakini ukutani kwetu kulikuwa na ufa ulioanzia kona ya dirisha ukapanda hadi kwenye bati, chini mwembamba kama uzi, juu unaingiza kidole. Baba akauziba kwa udongo uliochanganywa na saruji kidogo, nami nikaona ile methali ya shuleni, ya ufa na ukuta, imekwisha kazi yake. Masika mawili baadaye ufa ukatoka tena palepale.

Limerudi kutoka wapi? Swali hilo sikumwuliza bibi mpaka nilipokuwa nasoma historia chuoni Dar es Salaam, nimeshapata ile tabia mbaya ya kuhoji kila mzee ninayekutana naye. Akaniambia kwamba mama yake, aliyekulia Karema kando ya ziwa, alikuwa na mwaka aliouita mwaka wa mtikiso. Umri wa watu ulihesabiwa kwa mwaka huo: fulani kazaliwa kabla ya mtikiso, fulani baada. Zaidi ya hapo bibi hajui. Hakusimuliwa nani alikufa wala nini kilianguka.

Nisikudanganye, ndugu msomaji, ushahidi huu ni dhaifu. Ziwa Tanganyika hutikisika mara kwa mara, na mama yake bibi hakuwa na kalenda ukutani. Inawezekana mtikiso wake ulikuwa mwingine kabisa. Ila kuna tetemeko moja katika habari za nchi yetu ambalo lingestahili kumiliki mwaka mzima, na miaka inakubaliana.

Tarehe 13 Desemba 1910, kama saa nane na nusu mchana kwa saa zetu, ardhi ya Rukwa na Tanganyika ilitikisika kwa nguvu ambayo wataalamu wa leo wanaipa kipimo cha 7.4. Katika Bonde la Ufa la Afrika Mashariki hakuna kubwa kuliko hilo lililonaswa na vyombo kwa karne yote ya ishirini. Namba hizi zinadanganya macho, kwa hiyo ngoja niziweke sawa. Ukipanda kipimo kimoja kizima, tuseme kutoka 5 kwenda 6, nguvu inayoachiwa haiongezeki kidogo. Inazidishwa mara 32 hivi. Lile la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016, lililoua watu 17, likajeruhi mamia na kuziharibu vibaya shule za Ihungo na Nyakato, lilikuwa 5.9. Sasa piga hesabu mwenyewe. La 1910 lilikuwa na nguvu zaidi ya mara mia moja.

Mimi nimesoma historia tangu shule ya msingi mpaka chuo. Nilifundishwa Maji Maji, 1905 hadi 1907, nikaandika insha. Nilifundishwa vita ya Wajerumani na Waingereza iliyoanza 1914, nikaandika insha nyingine. Kati ya hizo mbili ardhi ya kwetu ilipasuka, na sikusikia hata sentensi moja. Sibishani na walimu. Wao pia hakuna aliyewaambia.

Kwa nini halikukumbukwa? Jibu langu ni nyumba. Katika habari zilizobaki, zilizoumia vibaya karibu na kitovu ni nyumba za mtindo wa Kizungu, za matofali na mawe. Watu wengi wa Ufipa, Ubende na Upimbwe walikaa kwenye vibanda vya miti, udongo na nyasi. Kibanda cha namna hiyo hukunja mgongo, kikayumba, kikatulia, na hata kikianguka, paa la nyasi halimvunji mtu shingo kama ukuta wa tofali. Halafu watu wenyewe walikuwa wachache, wametawanyika. Tetemeko kubwa kuliko yote likapita katika nchi isiyo na kuta nzito. Ukisafiri leo kutoka Mpanda mjini hadi Inyonga, au ukishuka Maji Moto kule Mpimbwe, hesabu nyumba za nyasi. Utachoka kutafuta. Kila mtu anafyatua tofali, anachoma, anajenga, na huo ndio uungwana wa sasa. Mkoa wa Katavi wenyewe ulizaliwa 2012, ukakatwa kutoka Rukwa, na tangu hapo ofisi, shule na hospitali zinapanda juu. Karema imepata bandari mpya. Mimi nafurahi kama mwenyeji yeyote. Ila lile la 1910 likirudi, halitakuta vibanda.

Aliyelifufua tetemeko hilo hakutoka Mpanda. Ni Nicholas Ambraseys, Mgiriki, profesa wa uhandisi katika Imperial College, London, aliyefariki 2012. Mwaka 1991 alichapisha makala juu ya tetemeko la Rukwa. Sifa yake ilikuwa kuchanganya kazi mbili ambazo kwetu hazikai meza moja: kusoma michoro ya vyombo vya zamani na kusoma karatasi. Barua, magazeti, kumbukumbu za watu waliokuwapo. Mtu akiandika kwamba bomba la moshi lilianguka, saa ikasimama, kengele ikalia yenyewe, Ambraseys alijua kulitafsiri hilo kuwa kiasi cha mtikiso mahali pale. Wenzangu mnaoandika mashairi mkidhani hayana faida, mfikirieni huyo karani aliyejiandikia tu kwamba leo kikombe kimeanguka mezani.

Lakini karatasi hizo ziliandikwa na akina nani? Na wasomi waliozisoma ni akina nani? Hapo ndipo niliposhika tabia ya kuangalia ukurasa wa kwanza wa kila makala na kuhesabu majina. 1991: Ambraseys, peke yake, London. 1997: Vittori wa Italia, Delvaux na Kervyn wa Ubelgiji, wanaandika juu ya mpasuko uitwao Kanda, unaopita nyanda za juu za Ufipa karibu na Sumbawanga kwa zaidi ya kilomita mia, na wanaona kwamba huenda ndio uliosogea 1910. Majina matatu, hakuna letu. 2012: Delvaux na Kervyn tena, juu ya Ufipa na Bonde la Rukwa, lakini sasa wamefuatana na Macheyeki na Temu. Na kabla ya hapo, 2008, kuna makala juu ya mipasuko hai ya kuanzia Manyara hadi Dodoma, na jina la kwanza kabisa ni la Athanas Macheyeki, Mtanzania aliyepata udaktari wake Ghent, Ubelgiji. Dodoma haikuwa mada ya anasa. Tetemeko la tarehe 4 Novemba 2002 lilikuwa limeligusa hata jengo la Bunge.

Nisiwe mwongo, orodha yangu ina tundu. Mwaka 1993, miaka minne kabla ya wale Wazungu watatu, Evelyne Mbede wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alishachapisha Berlin kazi nzima juu ya jinsi Bonde la Rukwa lilivyojijenga. Mwanamke, Mtanzania, juu ya bonde letu. Nilimgundua kwa bahati, nikaona aibu.

Katika makala ile ya 2008 kuna jina jingine: Mruma. Hilo unalijua. Profesa Abdulkarim Mruma ndiye aliyeongoza kamati ya kwanza ya makinikia mwaka 2017, nchi nzima ikakaa mbele ya televisheni kusikiliza asilimia za dhahabu ndani ya makontena. Muulize kijana yeyote wa Kariakoo amtajie mwanajiolojia mmoja, atakutajia huyo, na atakutajia kwa sababu ya dhahabu. Kwamba jina lake limo pia kwenye karatasi inayosema ardhi ya Dodoma inavutwa upande gani na inapasukaje, nani ana habari?

Hii si ajali. Tangu mwanzo ardhi yetu imechunguzwa ili ijulikane kilichomo kinachoweza kutolewa. Waingereza waliianzisha Idara ya Jiolojia pale Dodoma mwaka 1925, na kazi yake kubwa ilikuwa kutafuta madini na maji. Mpanda yenyewe ni mtoto wa risasi. Si risasi ya bunduki, ni lile jiwe zito lenye risasi, shaba na fedha lililochimbwa Mukwamba na kampuni ya Uruwira Minerals. Kwa ajili ya jiwe hilo ndipo mwishoni mwa miaka ya 1940 ilipojengwa reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua hadi kwetu. Machimbo yalikufa, reli ikabaki, nasi tukabaki na reli. Miaka ya 1980 ikaja Amoco kutafuta mafuta Rukwa. Walituma mawimbi ardhini, wakasikiliza yanavyorudi, na mwaka 1987 wakachimba visima viwili, Ivuna na Galula. Mafuta ya kuuza hayakupatikana, ila ile michoro ndiyo iliyowaonyesha wasomi jinsi sakafu ya bonde ilivyoshuka kwa kilomita kadhaa. Halafu 2016, mwezi Juni, dunia ikatangaziwa kwamba Rukwa kuna heli, gesi nyepesi ya kupoza mashine za hospitali. Vigelegele. Miezi mitatu baadaye Bukoba ikaanguka.

Sisemi tusichimbe. Nasema tu angalia ni swali gani limelipiwa.

Nina rafiki, sitamtaja, tuliyekaa naye dawati moja Mpanda. Alikuwa bingwa wa hesabu, mimi bingwa wa kunakili hesabu zake. Akaenda kusoma jiolojia. Idara ya Jiolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza 1974. Kabla ya hapo kijana wa Kitanzania mwenye hamu hiyo ilibidi avuke mpaka. Alipomaliza alikwenda kule wanakokwenda karibu wote, kwenye dhahabu, Kanda ya Ziwa, akanunua simu nzuri na viatu vizuri. Baada ya Bukoba akaacha. Nyumbani kwao walilia kama wamefiwa. Akarudi shule kusomea matetemeko.

"Sikiliza," aliniambia, tumekaa kwa mama ntilie, wali maharage unapoa. "Kwenye dhahabu ukikuta mpasuko unauliza umebeba nini. Kwenye matetemeko unauliza ulisogea lini mara ya mwisho. Mpasuko ni uleule. Swali ndo tofauti."

Nikamwuliza unajuaje ulisogea lini. Akachora kwa kijiko mezani. Unatafuta mahali ambapo mpasuko umeacha ngazi juu ya ardhi, upande mmoja umeshuka. Unachimba mtaro unaoukata kwa ubavu, kina cha mtu na nusu, unausafisha ukuta wake kwa mwiko wa fundi mpaka tabaka za udongo zionekane. Tabaka za chini utazikuta zimekatika, hazikutani. Ukipanda juu utafika kwenye tabaka lililolala zima bila kukatika. Maana yake tetemeko lilitokea baada ya zile, kabla ya hii. Ukipata vipande vya mkaa kwenye tabaka hizo mbili, maabara itakupa umri wake. Mimi mtu wa historia nilielewa upesi kuliko alivyotegemea. Tumezoea: barua haina tarehe, lakini inamtaja gavana fulani, kwa hiyo haiwezi kuwa ya kabla yake.

"Na tetemeko lijalo?" nikauliza.

"Hapo ndipo watu wanapotuchanganya na waganga. Hakuna anayejua siku." Kutathmini hatari si kutabiri. Unakusanya matetemeko yote yanayojulikana, unachora mipasuko, unapima kila mmoja unasogea kwa kasi gani na unaweza kuzaa tetemeko la ukubwa gani, unaangalia mtikiso unavyopungua njiani na unavyoongezeka ukikuta udongo laini kama ule wa mbuga za Katavi na kando ya mto Katuma. Mwisho unapata ramani. Ile inayotumika sana huonyesha kiasi cha mtikiso ambacho kina nafasi ya asilimia 10 ya kupitwa katika miaka 50, yaani umri wa nyumba nzuri. Ramani ya namna hiyo kwa Afrika ya Mashariki na Kusini ilichapishwa 1999 na Midzi na wenzake, wasomi wa kanda hii wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Bergen, Norway. Magharibi ya Tanzania ilikuwa na rangi kali. Fundi wa Nsemulwa hajawahi kuiona, na sijui angeifanyia nini. Anachohitaji fundi ni kuambiwa nondo ngapi, na mkanda wa zege uzunguke kuta zote juu ya madirisha.

Kabla ya ramani kuna vyombo, na historia ya vyombo ni historia ya wageni kufungasha. Kati ya 1994 na 1995, wasomi wa Marekani kutoka Penn State na South Carolina, wakishirikiana na Watanzania, walitandaza vituo 20 vya kupima mitikisiko kukatisha nchi. Bahati ikawa upande wao. Tarehe 18 Agosti 1994 Rukwa ikatikisika kwa 5.9 wakati vyombo viko kazini, na ikaonekana tetemeko lilianzia kilomita 25 chini, kina ambacho mahali pengi duniani mwamba wa bara huwa umeshalegea kwa joto na hauvunjiki. Kwetu unavunjika. Habari kubwa hiyo. Mwaka ukaisha, vyombo vikaingia masandukuni, vikaondoka.

Kwa hiyo kilichobadilisha mambo ni watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa matetemeko wa Mashariki na Kusini mwa Afrika walianza kukutana katika kikundi chao, ESARSWG, wanaleta michoro ya kila nchi na kuisoma pamoja kwa programu ya SEISAN iliyotengenezwa Bergen. Hawakukutana kwa kupenda vikao. Kituo kimoja hakitoshi. Tetemeko hutoa wimbi la haraka na wimbi la polepole, na kadiri uko mbali ndivyo la pili linavyochelewa; kila sekunde ya kuchelewa ni kama kilomita 8. Tuseme ningekuwa na chombo chini ya ungo wangu siku ile ya 2005, nikapata tofauti ya sekunde 17. Kilomita 136. Vizuri, lakini upande gani? Naweza kuchora duara tu kuizunguka Mpanda. Ni mpaka mtu wa pili achore lake kutoka Burundi au Kongo na wa tatu kutoka Zambia, yakutane ziwani. Tetemeko la Wakongo, kumbe, haliwezi kujulikana liko wapi bila Mtanzania na Mzambia.

Mwaka 2004 ukaanza mradi wa AfricaArray, wa Penn State na Chuo Kikuu cha Witwatersrand pamoja na Baraza la Jiolojia la Afrika Kusini. Huu ulifunga vituo vya kubaki, na ukafundisha vijana wa kuvisoma. Gabriel Mulibo alipita njia hiyo, akapata udaktari Penn State, akarudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na sasa anaandika juu ya mipasuko ya nchi yake na kufundisha wengine. Hesabu yangu ya majina imekuwa ngumu siku hizi, na ugumu huo naupenda.

Nilimchokoza rafiki yangu: kwani mpasuko unajua anayeupima katoka wapi? Chombo ni chombo. Akacheka. Akasema mgeni anakuja kiangazi, na kibali chake cha COSTECH kina mwisho. Tetemeko dogo likipita Mpimbwe usiku wa masika, nani ataamka kesho kwenda kuuliza? Paneli ya sola ikiibwa, nani atajua ni kwa mwenyekiti gani wa kijiji pa kuanzia? Na kuna maswali ya karatasini ambayo hayatafsiriki kirahisi. Fomu inauliza bomba la moshi lilianguka? Vitabu vilidondoka kwenye rafu? Bibi yangu hana bomba la moshi wala rafu. Ana mchele kwenye ungo. Inabidi mtu anayejua ungo akae chini aamue mchele kucheza ni sawa na kitabu gani kudondoka.

Basi tukaenda Karema, yeye na fomu zake mpya, mimi na daftari. Nusu siku ndani ya gari lililopumzika mara tatu. Karema ina kuta za zamani kuliko nyingi za bara. Wabelgiji wa Cambier walijenga kituo hapo 1879, na 1885 wakawaachia Mapadri Weupe. Mapadri hao hao, na hata mama yake bibi yangu akiwa mtoto, ndio waliokuwa pale Desemba 1910. Niligusa ukuta mmoja mnene kama kitanda nikajaribu kumwaza. Sikuweza. Jua lilikuwa kali na nilikuwa na njaa.

Tulielekezwa kwa mzee mmoja, fundi mwashi wa zamani. Tulimkuta chini ya mwembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mnatafuta nini? Dhahabu?"

"Hapana, mzee."

"Mafuta?"

"Hapana, babu. Tunatafuta nyufa."

Akatutazama kwa zamu, kwanza viatu, halafu nyuso. Nadhani alikuwa anaamua kama tuna akili timamu. Rafiki yangu akamweleza kwa Kiswahili cha nyumbani, bila hata neno moja la chuoni, kwamba ardhi ya hapa huwa inatikisika, tunataka kujua kila mara ilipotikisika ilifanya nini, nyumba kwa nyumba.

"Wamekuja wengi hapa," mzee akasema. "Wazungu, Wachina, vijana kama nyie. Wote wanataka mawe. Hilo hakuna aliyeniuliza." Akainuka, akajishika kiuno. "Njooni."

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na ukuta wa tofali za kuchoma wenye nyufa tatu. Akaweka kiganja juu ya ule wa kwanza. Huu ni wa 2000, mwezi wa kumi, mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wa mwisho. Huu ni ule wa 2005. Huu wa tatu ulianza wenyewe, sijui, labda msingi, maana hapa nilijenga haraka sina hela ya mawe. Rafiki yangu akaniuliza kwa jicho kama nasikia. Oktoba 2000 lilikuwapo kweli, zaidi ya 6, kando ya ziwa. Limo kwenye orodha za dunia. Mzee hakuwa na orodha.

Rafiki yangu akatoa futi mfukoni, akapiga magoti. Mzee akamwambia asianzie hapo, aanzie chini kabisa, kwa sababu ule wa 2000 ulishuka hadi kwenye msingi kisha yeye mwenyewe akaufukia na kifusi. Akaniomba mimi nikalete jembe jikoni.